Barua kwa mwanangu: kichwa chako usinifiche

Marahaba baba yangu. Voice yako ya jana nimeisikiliza mara tatu, usiku nikaamka nikaisikiliza tena. Unasema Ijumaa kwenye mechi ya hoki ya barafu ulivyobamizwa ukutani uliona giza, mpaka leo kichwa kinagonga na mwanga wa simu unakuumiza, na kocha hujamwambia kitu kwa sababu wiki ijayo maskauti, wale wanaotafuta wachezaji wa timu kubwa, wanakuja. Halafu ukaniambia "mama, mbona hata Willie O'Ree alificha jicho."

Hilo ndo limeninyima usingizi, maana huyo mzee mimi ndo nilikusimulia habari zake. Ulikuwa na miaka saba, mweusi peke yako timu nzima hapa Winnipeg, umerudi unalia hutaki tena kuvaa viatu vya barafu. Nikakwambia kuhusu tarehe 18 Januari 1958, Boston Bruins wanacheza Montreal, kijana wa Fredericton, hukuhuku Canada, anaingia uwanjani, mweusi wa kwanza kwenye NHL, ile ligi kuu ya hoki. Ukanyamaza, kesho yake ukarudi mazoezini. Lakini nilikupa nusu tu baba, ngoja nikumalizie.

Lile jicho la kulia lilipigwa na kile kisahani mnachokipiga kwa fimbo badala ya mpira, akiwa bado ligi ya vijana, miaka kama miwili kabla ya hiyo siku, enzi hizo hakuna helmeti wala kioo cha uso. Daktari akamwambia hoki basi. Akamwambia dada yake, timu ikabaki haijui, kwa sababu sheria ya ligi ilikuwa hairuhusu mtu wa jicho moja. Sasa fikiria, alikuwa anacheza winga ya kushoto, pasi zinatokea kulia, upande ule haoni, inabidi ageuze shingo yote kutafuta kisahani huku watu wazima wanamkimbilia kumgonga, wengine wanamgonga kwa rangi yake, wachezaji wa Chicago walimvunja pua na kumng'oa meno ya mbele. Mimi mama hapo sioni ushujaa peke yake, naona mtoto wa mtu anacheza gizani.

Na jicho lilikuwa limeshaenda, kuficha hakukuliongezea ubovu. Ubongo sio hivyo mwanangu, ukigongwa mara ya pili kabla ya pigo la kwanza halijapona, unaweza usiinuke pale kwenye barafu. Siku hizi ukisema, unapumzishwa, unarudishwa taratibu, unaanza na mazoezi mepesi ya peke yako mpaka daktari akuruhusu kugongana. O'Ree angesema, angefukuzwa moja kwa moja. Njia uliyonayo wewe yeye hakuwa nayo, ndo maana nakasirika ukimtaja kwa hili.

Kingine, wewe unaiona hiyo wiki ya maskauti kama ndo maisha yote. O'Ree NHL alicheza mechi 45 tu, magoli manne, basi. Alicheza mbili ule mwaka 1958, akarudishwa ligi za chini, akaja tena msimu wa 1960-61, baada ya hapo hakuitwa tena. Lakini hoki aliicheza kwenye ligi nyingine mpaka 1979, ana miaka 43! Alienda Los Angeles, wakamhamishia winga ya kulia, lile jicho zima sasa likawa linaangalia katikati ya uwanja, magoli yakamwagika, 38 msimu mmoja, akahamia San Diego watu wakampenda mpaka basi. Jezi yake namba 22 Boston waliipandisha juu 2022 kwa heshima, mwingine haivai tena, na yeye yuko hai anaangalia.

Nimeshaongea na yule mama unayekaa kwake, kesho saa mbili asubuhi anakupeleka hospitali, kabla ya mazoezi. Kocha mwambie mwenyewe kwa mdomo wako leo leo, ukishindwa nitampigia mimi. Ijumaa natoka kazini napanda basi, nakuja na pilau na ile pilipili ya mbilimbi ya bibi yako. Hiyo simu izime sasa, ulale gizani.

Mama yako