Fred Kabotie naye mpeni ukurasa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kurasa zenu za sanaa nazisoma kila wiki ila wachoraji wa Kihopi, yaani wa kabila la wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, sijawahi kuwaona humo, hata Fred Kabotie jamani! Mzee huyu kwao ni kijiji cha Shungopavi, akiwa kijana akapelekwa shule ya bweni ya serikali Santa Fe, zile shule zilizotaka watoto wasahau kwao, sasa yeye kule mbali na nyumbani ndo akaanza kuchora kachina, yaani roho za imani ya Kihopi, na ngoma za kijijini kwa rangi za maji, mke wa mkuu wa shule akampa moyo. Kwenye mnara wa Desert View pale korongo kubwa la Grand Canyon, uliojengwa 1932, kuna mchoro wake wa duara ukutani unaosimulia kijana aliyeteremka mto Colorado ndani ya gogo lenye uwazi. Mi picha yake niliikuza kwenye simu nikabaki naikodolea macho tu. 1945 akapata ufadhili wa Guggenheim, ule wa Marekani wa wasanii na wasomi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akawafundisha maaskari wa Kihopi waliorudi nyumbani kubuni vito vya fedha kwa michoro ya kwao wenyewe, hili ndo linanigusa zaidi. Alifariki 1986, mwanae Michael naye akawa mchoraji. Tafadhali, hata ukurasa mmoja.

Msomaji wenu