Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Anashika Kifaa?

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaoisha. Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu, kwa hiyo huko siendi. Nitakaa kwenye jambo lililotuchukulia muda mwingi zaidi: masomo ya sayansi na hisabati kwa vitendo kwa wanafunzi wenye ulemavu.

Karibu kila darasa tulilotembelea tuliambiwa kuwa wanafunzi hawa "wanashiriki". Tulipokaa nyuma tukaangalia, mwenzake anapima, mwenzake anachanganya, naye anasomewa majibu ayaandike. Huo ni ukarani. Kamati ikaamua swali letu mwaka huu liwe moja tu: je, kipimo amekichukua mwenyewe?

Kemia ndiyo iliyotutoa jasho. Karatasi ya litmasi, ya kutambua asidi na besi, hubadilika rangi, na kwa asiyeona hiyo si habari. Katika warsha ya walimu tulitumia kitunguu. Vipande vya kitambaa hufungiwa kwenye mfuko pamoja na kitunguu kilichokatwakatwa hadi vishike harufu. Kimoja kinadondoshewa asidi hafifu, kingine besi hafifu, kisha vyote vinasuuzwa kwa maji. Cha asidi hubaki kikinukia kitunguu. Cha besi harufu hupotea. Mwanafunzi hupunga hewa kwa kiganja kuelekea puani, haweki pua juu ya kitambaa, na sheria hiyo ni ya darasa zima. Walimu kadhaa walikiri kuwa hata wanaoona walilifurahia kuliko litmasi.

Kupima ujazo kulikuwa rahisi kuliko tulivyotarajia. Chukua bomba la sindano, ondoa sindano yenyewe, chonga pengo dogo kwenye mpini kwa kila mililita 5. Mwanafunzi anavuta mpini hadi pengo litokeze kwenye ukingo wa bomba, analigusa kwa ukucha, anajua amefika. Gharama yake ni wembe na uvumilivu. Nalisema hili kwa sababu maombi mengi yaliyofika mezani kwangu yalikuwa ya vifaa vya bei kubwa, wakati kilichokosekana ni mwalimu kulipitia jaribio siku moja kabla.

Hisabati ina ugumu wa aina yake. Mwalimu akitamka "x gawanya kwa y jumlisha mbili" huku akiandika ubaoni, anayeona anaona mstari wa sehemu unaishia wapi. Anayesikiliza tu ana majibu mawili, na yote ni halali. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, nazo huenda kwa mstari mmoja, hivyo lazima ziwe na alama ya mahali sehemu inapoanza na inapoishia. Abraham Nemeth, mwanahisabati Mmarekani asiyeona, aliliona tatizo hili na mfumo wake wa nukta nundu za hisabati ulichapishwa mwaka 1952. Mwalimu naye ana wajibu wa kutamka: "sehemu inaanza, x, chini yake y jumlisha mbili, sehemu inaisha." Kwa grafu, ubao laini, pini na mipira ya kufungia vinatosha: mwanafunzi anachomeka nukta, anavuta mpira, anafuata mteremko kwa kidole.

Kwa wanafunzi viziwi, kosa tulilolikuta mara nyingi ni mwalimu kueleza huku anamimina. Mwanafunzi amtazame mkalimani au chupa? Tumewaomba walimu waeleze kwanza, wanyamaze, ndipo waonyeshe. Ishara za istilahi za somo nazo zikubaliwe na mkalimani kabla ya kipindi, la sivyo kila neno gumu litatajwa herufi kwa herufi na jaribio litapita.

Meza za maabara zilizo juu mno kwa anayetumia kiti cha magurudumu bado ni kero, na hapo hatujapiga hatua ya kujivunia.

Hoja tuliyokutana nayo sana ni usalama. Shule moja ilimweka mwanafunzi nje ya maabara "kwa faida yake". Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inadai marekebisho yanayomfaa mwanafunzi, na kumtoa nje hakumo. Jiko la umeme badala ya moto wa wazi, vifaa visivyohamishwa mahali pake, sinia yenye kingo ya kuzuia kumwagika: hayo ndiyo usalama. Geerat Vermeij, aliyepoteza uoni akiwa na miaka 3, amekuwa mwanabiolojia mashuhuri kwa kuchunguza makombe ya baharini kwa vidole. Sidhani alianza kwa kusomewa majibu.

Kwa mwaka ujao, kamati inaomba mkutano uidhinishe kila mwanachama anayefundisha aandike jaribio moja alilolirekebisha: vifaa, hatua, na pale lilipokwama. Maandishi yapelekwe kwa katibu kabla ya kikao cha robo ya kwanza, na nakala za nukta nundu zitengenezwe kwa fungu la warsha. Pendekezo hili litapigiwa kura baada ya taarifa ya mhazini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti