Mama, foto yako ni ya sentimita tano

Bwana Mhariri, jambo na kazi.

Miye niko muntu wa kuchapa foto hapa Kamalondo, Lubumbashi, na leo naandika juu gazeti lenu limeniletea kesi. Hamkukosa kitu, hapana, lakini kesi iliingia kwangu ikiwa na gazeti mkononi. Mama mmoja wa Katuba alikuja na ule ukurasa wenu wa pongezi, ameukunja vizuri, akaniwekea kidole juu ya foto ya papa yake mwenye alitimiza miaka 80, aseme papa, nataka hii hii, lakini ya mita moja, ya kutundika mu salo siku ya sherehe. Nikamuuliza foto yenyewe iko wapi, akafungua telefone, kumbe ni ile ya profaili ya WhatsApp, amechukua vile vile. Nikaangalia: pikseli 640 kwa 640. Nikamwambia mama, foto yako ni ya sentimita tano. Wee! Akakasirika. Aseme mbona mu gazeti iko safi, wale biko na mashini ya muzuri, yako njo imechoka.

Sasa nieleze, juu bengi banafikiri vile. Foto ya telefone haina sentimita. Iko na pikseli tu, vigae vidogo vidogo vya rangi, na vikishahesabiwa siku ya kupiga foto havizaliani tena. Sentimita inakuja pale unapovipanga juu ya karatasi. Kwa foto ya kushika mkononi tunapanga vigae 300 mu inchi moja, na inchi ni sentimita 2,54, basi chukua 640, gawanya na 300, zidisha na 2,54, unapata 5,4. Njo ile tano nilimwambia. Na nyinyi karatasi yenu inakunywa wino, mkiweka 200 mu inchi inatosha, tena foto ilikuwa na upana wa vidole vitatu, juu ya nini isikuwe safi? Pikseli zilikuwa zinabaki. Lakini zile zile 640 ukizivuta mpaka mita moja, kila kigae kinapata milimita moja na nusu, unaweza kukipima na rula ya mtoto wa shule.

Hakusikia. Aseme chapa, makuta ni yangu. Nikachapa. Ilipotoka tukaitandaza mezani, na jicho la mzee lilikuwa ngazi tu, kahawia, kijivu, nyeusi, kijivu, ndevu nyeupe zimekuwa sukari ya vipande. Mama akanyamaza. Halafu kijana wangu wa kazi, mwenye kupenda mchezo, akaibeba akavuka nayo barabara, akasimama kule mbele ya mlango wa muuza unga, na kweli Bwana Mhariri, kutoka kwetu mzee alionekana safi kabisa, mpaka tabasamu. Mama aseme unaona sasa! Nikamuuliza, mama, salo yako iko na upana wa barabara? Njo maana mabango makubwa ya njiani yanachapwa na pikseli kidogo mu inchi na hakuna mwenye kulalamika, juu hakuna anayeenda kuyagusa na pua.

Na nisijifanye mjuzi, miye mwenyewe nilianza vibaya. Nilipokuwa najifunza kazi kwa mzee mmoja, foto ikifunguka mu kompyuta imeandikwa pikseli 72 mu inchi miye nafuta naandika 300, na fasi ile ya kukubali programu iongeze pikseli naiachia alama yake, faili inavimba, nafurahi. Tukachapa kalenda nzima ya kwaya moja namna ile. Sasa kompyuta haijui sura ya muntu, inaangalia kigae cha huku na cha kule inatia rangi ya katikati, basi kwaya yote ikatoka laini kama wamepakwa vazelini mpaka kwenye meno. Kalenda zikarudi zote, na mzee akanikata mshahara miezi miwili. Ile namba peke yake, 72 ama 300, haiongezi kitu, ni agizo tu la kupanga vigae.

Ugonjwa wenyewe siku hizi ni njia yenye foto inapita. Telefone nyingi, hata za bei ya kawaida, zinapiga pikseli 4000 kwa 3000, ile inakupa sentimita 34 kwa 25 bila kubembeleza, inapita A4. Ukiituma WhatsApp vile tumezoea inashuka mpaka kama 1600 upande mrefu, imebaki ya sentimita 13 na nusu, halafu mwenye kuipokea anapiga skrinshoti, anakata, anaweka profaili, na miye njo naletewa mabaki. Foto ya mzee tulipofuatilia ilikuwa imepigwa na mjukuu kule Likasi. Mama akamwita pale pale, mtoto akaituma kama dokumenti, siyo kama foto, ikafika nzima. Nikachapa sentimita 80 kwa 60, ni pikseli 127 mu inchi, kwa ukutani inatosha kabisa, ndevu unazihesabu. (Na zile foto za zamani za karatasi, tafadhali musizipige na telefone chini ya balbu, leteni karatasi yenyewe, skana ikisoma 600 mu inchi naikuza mara mbili na inakaa vizuri.)

Sasa ombi langu. Chini ya ule ukurasa mmeandika tumeni foto kwa WhatsApp. Ongezeni maneno mawili tu: kama dokumenti. Nyinyi haitawasaidia sana, gazeti linakula hata foto ndogo, lakini bantu bakizoea kutuma vile kwenu, hata kwangu batakuja na foto ya kweli.

Ile ya mita moja mama aliniachia, nimeitundika mlangoni, na benye kupita ng'ambo banamsalimia mzee.

Mchapa foto, Kamalondo