Pacha wa ziwa letu alishwe upepo wa ziwa letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa namna akili mnemba, na miwani ya uhalisia pepe inayokuonyesha kitu cha ndani ya kompyuta kana kwamba kipo mbele yako, zinavyoweza kutusaidia sisi wa Ziwa Victoria. Mimi ni fundi wa mitumbwi hapa Igombe, Mwanza, kazi niliyorithi kwa baba. Naitwa Doto, na kaka yangu Kulwa ni mvuvi wa dagaa. Msukuma yeyote akisikia majina hayo anajua tulizaliwa siku moja. Kwa hiyo niliposikia watafiti wanazungumzia "pacha wa kidijitali", yaani mfano wa kitu halisi ndani ya kompyuta, nilitega sikio.

Mwaka jana alifika mwaloni kijana mmoja mtafiti, mpole, mwenye begi mgongoni. Aliuzunguka mtumbwi niliokuwa naumalizia akiupiga picha kwa simu, juu, chini, ubavuni, picha zaidi ya mia mbili. Baada ya wiki mbili alirudi na kompyuta na miwani. Zile picha zilikuwa zimeunganishwa likatoka umbo kamili la mtumbwi wangu, hadi ule ufa wa ubao wa tatu niliouziba kwa pamba. Ukivaa miwani unainama, unachungulia chini ya mkuku. Kwangu hilo ni jambo kubwa, maana mtumbwi ukishashushwa majini, chini yake sipaoni tena mpaka uvutwe nchi kavu.

Kisha akavaa Kulwa. Aliketi juu ya dumu, mikono imeshika kingo za mtumbwi ambao haupo. Kijana akaleta dhoruba ndani ya miwani. Tukamwona Kulwa anayumba kidogo, halafu akatulia, halafu akaivua ile miwani taratibu.

"Kijana wangu, hii mvua umeileta mchana?"

"Ndiyo, mzee."

"Inayotuua sisi ni ya usiku, kuanzia saa nane mpaka alfajiri. Na mtumbwi wako unapanda wimbi kama jani. Wangu una nyavu zilizolowa na watu wanne, maji yamefika vifundoni, mmoja anachota kwa dumu lililokatwa. Huo haupandi wimbi hivyo. Huo unaingiza maji kwa mbele."

Kijana hakubisha, akafungua daftari. Akatueleza kwamba vipimo vya mawimbi alivyotumia vilitoka bahari ya mbali, kwa kuwa vya ziwani kwetu hakupata vya kutosha. Hapo ndipo penye hoja yangu, Mhariri.

Kijana alitufafanulia kuwa wazo la pacha wa kidijitali lilielezwa na mtaalamu Michael Grieves huko Marekani mwaka 2002, na kwamba mambo ya namna hiyo yalishawahi kuokoa watu. Aprili 1970 chombo cha Apollo 13 kilipopasuka tangi la oksijeni angani, mafundi waliobaki duniani walijaribu kila hatua kwanza kwenye vyombo vya mfano, ndipo wakawaelekeza wanaanga namna ya kurudi. Pacha wa kweli ana sehemu tatu: kitu chenyewe, mfano wake ndani ya kompyuta, na taarifa zinazokwenda na kurudi kati yao. Taarifa zikienda upande mmoja tu, hicho ni kivuli. Zisipokwenda kabisa, ni picha. Mama yetu hakuhitaji kuelezwa hayo. Kulwa akiugua, dawa alikunywa Kulwa na mimi nikaonjeshwa. Kilichompata mmoja lazima mwingine akipate. Mtumbwi ule wa kwenye miwani haukuwa pacha wa mtumbwi wa Kulwa, kwa sababu upepo wa Kulwa haukuufikia.

Na upepo wa ziwa hili una tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, upepo hutoka ziwani kwenda bara, na mvua hunyesha huko milimani. Usiku nchi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, upepo wa pande zote hukimbilia katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu hupanda na mawingu hufumuka juu ya vichwa vya wavuvi. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, hivyo hakuna pa kukimbilia. Nasi wa dagaa hatuna hiari ya kuchagua saa, maana dagaa hufuata taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka tunalala nyumbani. Mtafiti Wim Thiery na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti wa dhoruba hizi za usiku, na kazi yao iliyofuata ikaonyesha kuwa mvua ya mchana nchi kavu inaweza kutumika kuitabiri ile ya usiku ziwani. Wazee wetu nao hutazama mawingu ya bara jioni kabla ya kusukuma mtumbwi.

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka akili mnemba ifanye. Isome mvua ya mchana kwa setilaiti na kwa rada ya hali ya hewa iliyopo Mwanza, na ifikapo saa kumi jioni simu ya mwenyekiti wa mwalo iwe imeshaongea, kwa sauti, kwa Kiswahili na ikiwezekana Kisukuma na Kikerewe. Mitumbwi inaondoka saa kumi na mbili. Onyo la saa mbili usiku linamkuta mtu keshawasha taa.

Lakini akili hiyo hujifunza kwa kumbukumbu, na kumbukumbu za katikati ya ziwa, usiku, ni chache mno. Ndiyo maana nawaomba wanaogawa fedha za utafiti: kabla ya kununua miwani ya kumi, nunueni vihisi vya kupima wimbi, upepo na mwinamo, vifungwe kwenye mitumbwi inayofanya kazi. Siikatai miwani. Ningependa kila kijana anayeanza uvuvi aivae, ajifunze kugeuza mtumbwi akabili wimbi kabla hajalikuta wimbi lenyewe. Na vivuko navyo vipimwe hivyo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimebakiza mita chache kufika kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Pacha anayesoma uzito na mwinamo angepiga kelele mapema, mradi awepo mtu wa kumsikiliza.

Tena watafiti wasiishie ufukweni. Kitabu hakitamwambia mtu mtumbwi unasikika vipi mbao zinapoanza kuachia.

Yule kijana ameahidi kurudi na kihisi kimoja cha majaribio. Mimi nimeshachonga kiti chake cha mbao karibu na mkuku, mahali pasipofikiwa na nyavu, na Kulwa amekubali kwenda nacho giza la mwezi ujao. Mtafiti mwingine mwenye chake akilete. Nafasi ipo kwenye mtumbwi, na ya kwake mwenyewe pia ipo, mradi aje na jaketi okozi.

Doto, fundi mitumbwi
Igombe, Mwanza