Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vipindi: iangalieni filamu kabla ya kuiita komedi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini u mzima, na pole kwa majukumu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako hazijajibiwa. Ulipokutana na watazamaji mwaka jana ulisema kwa kinywa chako kwamba kila filamu itatanguliwa na maelezo ya kilichomo. Tulikupigia makofi. Maelezo hayo hatujayaona mpaka leo.

Jumapili iliyopita mlitutangazia "komedi ya mapenzi kwa familia nzima". Ikaja The Apartment ya Billy Wilder, ya mwaka 1960. Ni filamu nzuri mno, na Oscar zake tano, ikiwemo ya filamu bora, ilizistahili. Lakini ni habari ya karani wa bima huko New York anayewaachia mabosi nyumba yake wakutane na vimada, ili apandishwe cheo. Dada mwendesha lifti, ambaye karani anampenda, kumbe ndiye kimada wa bosi mkubwa. Mkesha wa Krismasi bosi anamtolea dada huyo noti ya dola 100, ndiyo zawadi yake, kisha anawahi treni kurudi kwa mkewe. Dada anabaki peke yake, anameza vidonge vya usingizi. Daktari jirani anamzaba makofi azinduke, anamnywesha kahawa, wanamkokota huku na huku chumbani asilale.

Sebuleni kwangu alikuwepo mdogo wangu, ambaye si zamani tulimkimbiza hospitali usiku kwa jambo hilo hilo. Aliinuka bila kusema neno, akaenda kujifungia chumbani. Mama akaniuliza, "Hiki ndicho kichekesho mlichoniitia?" Tangu siku hiyo nyumba haina raha, Mheshimiwa, na usiku tunapokezana kukaa macho.

Nadhani lebo hiyo ya "komedi ya mapenzi" mnaipokea kama ilivyo kutoka kwa wauzaji wa filamu, na pale hakuna anayekaa kuitazama filamu. Au mnahofia kwamba mkisema ukweli watu watahama chaneli. Vyovyote iwavyo, fungu hilo mmelijaza kila kitu. Roman Holiday ya 1953 mmeitia humo, na mwishoni binti mfalme na mwandishi wa habari wanaachana. Four Weddings and a Funeral ya 1994 ina mazishi ya kuliza watu wazima. Na lebo hiyo hiyo inawakimbiza wengine: vijana wa mtaani kwetu hawakuiangalia The Apartment, wakisema ni mambo ya kina dada, wakati ni filamu ya kazi, vyeo na mabosi wanaotumia watu, mambo wanayoyalalamikia kila siku.

Sikuombi uzifungie filamu hizi. Usikate hata tukio moja, kwani kulificha jambo hilo ni kosa jingine. Naomba tuambiwe tu, ili mwenye kidonda aamue mwenyewe kama ataangalia. Mistari miwili kwenye skrini inatosha: humu kuna mtu anayejaribu kujiua, humu kuna ndoa inayosalitiwa.

Uliahidi, Mheshimiwa, mbele yetu. Mteue mtu mmoja aitazame filamu ya Jumapili ijayo mpaka mwisho, aandike kilichomo. Hilo tu. Aitazame mpaka mwisho.

Wako,
Mtazamaji, Tanga