Mazda 787B haikufungiwa kwa sababu ilishinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge hadithi inayorudiwa kila mara mbio za magari za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, zinapokaribia: kwamba mwaka 1991 gari la Kijapani, Mazda 787B, liliwashinda Wazungu kwao, nao kwa hasira wakapiga marufuku injini yake ya rotari, yaani isiyo na pistoni. Hadithi hiyo inawadhulumu mafundi wa Mazda kule Hiroshima.

Kanuni mpya, zilizotaka injini za pistoni za lita 3.5 kama za Formula 1, zilikuwa zimeshaamuliwa kabla ya mbio zile. Mazda, iliyokuwa ikipeleka rotari Ufaransa tangu miaka ya 1970 bila kuambulia ushindi wa jumla, ilijua kuwa muda unaiishia. Ndipo meneja wa timu, Takayoshi Ohashi, akawabembeleza wasimamizi hadi gari lake likaruhusiwa kuwa na kilo 830, ilhali Mercedes na Jaguar zilitakiwa kufika kilo 1,000. Nani angehangaika kupinga? Rotari haikuwa tishio kwa yeyote.

Hapo ndipo ushindi ulipoamuliwa. Kila gari kati ya hayo lilipewa lita 2,550 za mafuta kwa saa zote 24. Gari zito likikimbizwa sana, mafuta hayafiki mwisho. Jepesi unaweza kulikanyagia, na halimalizi breki wala matairi haraka. Injini yenyewe ya Mazda haina valvu wala pistoni za kupanda na kushuka: ni rota nne, yaani vipande vya pembetatu vinavyozunguka, kila moja na plagi tatu, zinazotoa nguvu-farasi kama 700 kwa mlio mkali usiosahaulika. Ilipofunguliwa baada ya mashindano ilikutwa bado nzima.

Gari la Mazda namba 55, la rangi ya chungwa na kijani, lilianzia nafasi ya 19. Mercedes iliyokuwa ikiongoza ilichemsha zikiwa zimebaki kama saa tatu, Mazda ikapita na kumaliza mizunguko 362, miwili zaidi ya Jaguar iliyoifuata. Waliopokezana usukani walikuwa Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot. Herbert, aliyemalizia mbio, alishuka garini akaanguka kwa kuishiwa maji mwilini, na wenzake wakapanda jukwaani bila yeye. Aliliendesha tena gari lile pale Le Mans mwaka 2011, na safari hiyo jukwaani alifika. Mpaka leo nikikumbuka hilo nafurahi kama ndugu yake.

Na mwaka 1992 Mazda hawakususa. Walirudi na gari jingine lenye injini ya pistoni kumi, wakashika nafasi ya nne.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, waandishi wako wa michezo watakapoigusa 787B tena, waanze na zile kilo 830 na lita 2,550, kisha ndiyo waje kwenye marufuku.

Msomaji wenu,
Mwanza