Salim, tusiuze shamba lote kwa ajili ya Maye

Brooklyn Park, Aprili 2024

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi, sisi wazima, baridi nayo imeanza kutuachia. Shemeji na watoto wasalimie sana. Goti la mama mkubwa linaendeleaje? Zuhura aliniambia mmempeleka kwa daktari mwengine ila hakunieleza ikawaje. Kimya changu ni hizi shifti za usiku, lakini ile voisi noti yako imenikosesha raha, nikasema hili silimalizi kwa meseji mbili tatu, nalikalia kitako.

Ati Vikings yetu kwenye futboli ya Kimarekani iwape Patriots chaguo lake la 11 la drafti, pale timu zinapochagua kwa zamu vijana wa vyuo, na la 23, na la raundi ya kwanza mwakani, yote hayo tuchukue nafasi yao ya juu tumpate kotabeki Drake Maye, mrushaji mpira! Yani lile la 23 tumelipata juzi tu kutoka Houston, hata halijapoa. Sikatai, Maye ana mwili na ana mkono, anarusha mpira mpaka unashika kichwa, na angetuangukia hapo tulipo ningeruka juu kama wewe. Lakini wewe na Kazungu mnabishana nani bora, yeye au J.J. McCarthy wa chuo cha Michigan ninayemtaka mimi, na mimi naona hapo ndipo mnapopotea. Swali ni nani anaweza kuifanya kazi ambayo kocha wetu O'Connell anampa kotabeki wake kila Jumapili, maana kazi hio si ya kila mwenye mkono.

Hebu iangalie kazi yenyewe. O'Connell katoka kwa kocha McVay kule Rams, alikua nae msimu ule waliochukua ubingwa wa Super Bowl na kotabeki Stafford, na mashambulizi yake ni ya ukoo ule ule. Kotabeki anasimama mgongoni kabisa kwa senta, yule anayempa mpira, anapokea mpira mkononi, anawapa kisogo madifenda akijifanya anampa mkimbiaji, alafu anageuka na hapo hapo inabidi ajue nani kahama na kaacha nafasi wapi. Na mpira wenyewe unatakiwa upite katikati ya uwanja, yadi 15 au 20, juu ya wale difenda wa kati, tena utoke mkononi kabla mpokeaji wetu Jefferson hajakata kona. Akishakata umechelewa. Cousins, kotabeki wetu wa zamani, miguu hana, lakini hilo alikua analijua vizuri sana, na ndio ule mwaka 2022 Jefferson alimaliza na yadi 1,809, hakuna mpokeaji aliyemfikia ligi nzima.

Unamkumbuka kotabeki Dobbs msimu uliopita? Kafika kutoka Arizona wiki ile ile, hata majina ya wenzake hajayashika, O'Connell anamuongelesha kwenye redio ya helmeti mpaka inakatwa, maana saa ikibaki sekunde 15 redio inazimwa unabaki na akili yako, na tukawafunga Atlanta 31-28. Mpaka Mzee Odhiambo alilia siku ile. Saints nao tukawapiga. Alafu Bears wakaja wakampora mpira mara nne, na haukupita muda akawekwa benchi. Miguu yake ilimbeba kidogo, baadae mfumo ukaanza kumdai kile ambacho hana. Mimi hilo sitaki nilione tena, na ndio maana namuangalia huyu kijana wa Michigan kwa jicho jengine kabisa.

J.J. McCarthy ana miaka 21. Hao makotabeki wengine wa drafti hii karibu muda wote walisimama nyuma mbali wakarushiwa mpira, yeye kwa kocha Harbaugh kule Michigan amezoea kusimama kwa senta, kuwapa kisogo, kugeuka na kurusha katikati, na anaurusha kwa nguvu usiogope. Ukimuangalia dauni ya tatu, yani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi, zimebaki yadi saba nane, hapo ndipo anaponipendeza zaidi, hababaiki, macho yanatoka kwa huyu yanaenda kwa yule na miguu inafuata macho. Maye miguu inachezacheza, siku nyengine anatupa mpira kama amesimama kwenye mtumbwi. Anaweza kufundishwa, sawa, lakini kufundishwa huko ni miaka, na sisi tutakua hatuna chaguo la raundi ya kwanza la kumnunulia mtu wa kumkinga.

Najua utaniambia mechi ya Penn State. Kila mtu ananiambia Penn State! Sawa, Novemba mwaka jana Michigan walikimbia mpira mara 32 mfululizo, kijana karusha mara nane tu mechi nzima, wakashinda 24-15. Msimu mzima karusha mara 332 kwa mechi 15, na Penix, kotabeki wa Washington, kwa mechi 15 vile vile karusha 555. Mnasema alifichwa. Mimi nasema kocha aliyekua anashinda hivyo hakua na sababu ya kumuomba zaidi, na alipoombwa asilimia 72 ya mipira ilifika, tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja) 22, aliyoporwa minne tu. Kutoombwa na kutoweza ni vitu viwili, Salim.

Lakini nikwambie ukweli wangu wote, kinachonitia wasiwasi mimi sio Penn State, ni mechi na chuo cha TCU. Mechi pekee aliyopoteza katika 28 alizoanza, ile ya mwisho wa 2022, 51-45. Siku ile walikua nyuma karibu mechi nzima, ikabidi arushe yeye, na akarusha yadi 343 lakini mipira miwili ikaporwa na yote miwili ikarudishwa tachidauni. O'Connell anarusha sana, timu yetu mara nyingi itakua inarusha huku iko nyuma, kwa hio ile ndio mechi inayofanana na maisha yatakayomkuta hapa. Hapo roho inanidunda. Alafu namuangalia mwaka mmoja baadae na Alabama, wako nyuma 20-13, dakika zinayoyoma, dauni ya nne anampata mkimbiaji Corum, wanashuka uwanja mzima mpaka anampa mpokeaji Roman Wilson tachidauni, wakaenda kushinda 27-20. Ni mtu yule yule aliyejifunza, au ni bahati ya siku moja? Mimi naamini amejifunza, lakini narudi kwenye ile ya TCU kila mara.

Tena hana haja ya kuanza Septemba. Kotabeki Darnold tumemsaini mwaka mmoja, acha acheze yeye, kijana akae na O'Connell ambae mwenyewe alikua kotabeki, ajifunze yale maagizo marefu mpaka yamkae mdomoni. Tukipanda nafasi chache tu tunampata na la 23 huenda likabaki. Naogopa Giants pale nafasi ya 6 watamchukua, na Denver wako nyuma yetu wanatafuta mtu vile vile.

Sasa nifanyie hili: itafute ile ya TCU, mechi nzima sio klipu, umuangalie yeye tu mpira unapotoka. Ile mipira miwili iliyoporwa wewe unaona alisoma vibaya au alichelewa kurusha? Maana kuchelewa kunarekebishika. Na Maye, umeona wapi akigeuka kutoka mgongoni kwa senta akarusha kwa wakati, au Kazungu anakuonyesha yale marefu tu? Ungekua wewe ungetoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na Darrisaw, mlinzi wa kotabeki wetu, bado hajasainiwa mkataba mpya? Drafti ni Alhamisi tarehe 25 pale Detroit, utakua kazini au tunaangalia pamoja kwa simu? Na kiangazi mnakuja kweli au ni maneno tu? Mwambie mama mkubwa nitampigia Ijumaa mchana.

Wako,
Athmani